Somo la 12: Maarifa Yana Mwenyewe?

Juma lililopita tulizungumza habari za bei na soko. Leo tutazungumza habari za bidhaa isiyopimwa kwa kibaba wala kwa ratili, nayo ni maarifa. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno mawili: MAARIFA na HATAZA.

Tuanze na jambo mnalolijua. Una debe moja la mahindi. Ukimpa jirani nusu, kwako imebaki nusu. Sasa jirani huyo aje jikoni kuomba moto. Utampa kaa moja, naye atakwenda kuwasha jiko lake, na moto wako utawaka vilevile. Maarifa ni kama moto, si kama mahindi. Hayapungui kwa kugawanywa.

Chukueni mfano wa maji ya chumvi na sukari anayopewa mtoto anayeharisha. Lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote viwe vya usawa. Maji hayo hurudisha mwilini maji yaliyopotea, wakati mtoto anapopelekwa zahanati. Jambo hili lilihakikishwa na wataalamu wa Dhaka na Calcutta katika miaka ya 1960, na mwaka 1971 liliokoa maisha ya wakimbizi wengi wa vita vya Bangladesh. Leo mama yeyote huchanganya maji hayo pasipo kumwomba mtu ruhusa. Akijua mama mmoja, maarifa ya mwenzake hayapungui hata chembe.

Basi mtu atauliza: ikiwa ni hivyo, kwa nini maarifa yote yasigawanywe bure? Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye fundo la somo letu. Kugawa maarifa ni rahisi, lakini kuyatafuta kuna gharama. Kutafuta dawa mpya huchukua miaka mingi. Dawa nyingi hujaribiwa, na zilizo nyingi hushindwa. Ikipatikana moja iliyo njema, kiwanda kingine chaweza kukichunguza kidonge kile na kukiiga kwa fedha kidogo. Aliyetafuta amelipa gharama yote, na aliyeiga anauza rahisi. Mambo yakiwa hivyo siku zote, nani atakubali kutoa fedha zake kutafuta?

Kwa sababu hiyo sheria iliweka hataza. Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi na serikali, kwamba kwa muda fulani mtu mwingine asitengeneze wala kuuza kitu alichokivumbua pasipo ruhusa yake. Naye, kwa upande wake, lazima aeleze wazi jinsi kitu hicho kinavyotengenezwa. Muda ukiisha, kila mtu ana ruhusa. Mapatano ya Shirika la Biashara Duniani, yaliyoanza mwaka 1995, yanataka muda huo usipungue miaka 20 tangu siku ya kuomba.

Kwa hiyo hataza ni boma lililojengwa kuzunguka moto. Boma hilo humlinda aliyeuwasha. Lakini pia huwazuia wenye baridi. Muuzaji akiwa mmoja tu, bei huwa ya juu, na asiye na fedha hukosa kitu ambacho kukitengeneza huenda kukagharimu senti chache.

Tutazame jambo lililotokea kweli. Mwaka 1996 waganga walihakikisha kwamba dawa tatu zikitumiwa pamoja huzuia virusi vya UKIMWI visiongezeke mwilini. Wagonjwa waliokuwa wakingoja kufa waliinuka vitandani. Lakini mwaka 2000, katika nchi tajiri, dawa za mgonjwa mmoja kwa mwaka mmoja ziliuzwa dola za Marekani 10,000 hadi 15,000. Wakati huo pato la wastani la mtu mmoja katika Kenya halikufika dola 500 kwa mwaka. Kwa bei ile, mtu wa pato hilo angalifanya kazi miaka 20 na zaidi, asile wala asivae, ili apate dawa za mwaka mmoja tu. Makampuni mengine yalipunguza bei kwa nchi maskini, lakini bado wengi hawakuiweza.

Huko Uhindi, sheria ya mwaka 1970 haikutoa hataza juu ya dawa yenyewe, ila juu ya njia ya kuitengeneza. Viwanda vya huko viliweza kutengeneza dawa zilezile kwa njia nyingine. Mwezi wa Februari 2001 kampuni ya Cipla ya Mumbai ilitangaza kwamba italiuzia shirika la madaktari la Médecins Sans Frontières dawa tatu za namna hiyo kwa dola 350 kwa mwaka. Hiyo ni chini ya dola moja kwa siku.

Mwezi wa Juni mwaka huohuo, Bunge la Kenya lilipitisha sheria iliyofungua njia ya kuingiza dawa rahisi kutoka nje. Novemba, mawaziri wa biashara walikutana Doha, Qatar, wakakubaliana kwamba mapatano ya hataza yasiizuie nchi kulinda afya ya watu wake. Serikali yaweza kutoa leseni ya lazima, yaani kuruhusu kiwanda kingine kitengeneze dawa hata kama mwenye hataza hataki, naye hulipwa ada. Nchi zilizo maskini zaidi, kama Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, ziliruhusiwa zisitoe hataza za dawa kwa muda. Mwaka 2015 muda huo uliongezwa hadi mwanzo wa mwaka 2033.

Bei ilipoanguka, na fedha za misaada zilipopatikana, dawa zilifika vijijini. Mwaka 2023 watu waliokuwa wakizitumia duniani walizidi milioni 30.

Je, tuseme hataza ni mbaya? La. Pasipo waliotafuta, waigaji wasingalikuwa na cha kuiga. Lakini hataza si njia pekee ya kulipia utafutaji. Dawa ya kwanza ya UKIMWI, AZT, iliruhusiwa Marekani mwaka 1987, lakini ilikwisha kutengenezwa maabarani mwaka 1964 kwa fedha za umma. Mlipa kodi naye aliuchochea moto ule.

Basi, shikeni neno hili moja. Anayewasha moto apate haki yake, ili kesho awashe tena. Lakini boma lake liwe na mlango, na siku ya hatari mlango ufunguliwe.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.

MASWALI YA DARASA

1. Mahindi na maarifa hutofautianaje mtu anapomgawia jirani?
2. Mwenye hataza hupata nini, na watu wote hupata nini?
3. Kwa dola 10,500, wagonjwa wangapi wangalipata dawa za mwaka mmoja kwa bei ya dola 350? Na kwa bei ya dola 10,000?
4. Zungumzeni: ni maarifa gani mliyopewa bure na wazee wenu, nanyi mmemfundisha nani?