Ukiwasha Pasi, Kidatu Huhisi

Wasikilizaji wengi hudhani umeme hukaa mahali fulani kama maji ya tangi, ukisubiri tufungulie. Sivyo. Pasi unayoiwasha saa moja jioni jijini Dar es Salaam, umeme wake unazalishwa dakika ile ile, na mitambo imeongezewa mzigo.

Tuchukue kituo cha Kidatu, katika mto Ruaha Mkuu, chenye mitambo 4 na uwezo wa megawati 204. Ndani ya kila jenereta mna sumaku kubwa inayozungushwa kwa nguvu ya maji, na kuizunguka mna nyaya za shaba. Watu wakivuta umeme, mkondo katika nyaya hizo nao hujenga usumaku wake, na usumaku huo huivuta sumaku kubwa kinyume cha inakokwenda. Ni kama baiskeli iliyopakiwa gunia la mkaa: usipokanyaga kwa nguvu zaidi, mwendo hupungua. Hapo kifaa ambacho mafundi hukiita gavana (huyu hateuliwi wala hapigiwi kura) huhisi upungufu na kufungulia maji zaidi. Sharti kiwahi, maana mitambo yote ya gridi imefungamana katika mapigo 50 kwa sekunde. Mapigo yakishuka mno, vifaa vya ulinzi hukata maeneo mazima ili mengine yapone.

Lakini maji peke yake hayatoshi. Pasi hutaka nguvu tu. Mota za friji, za mashine za kusaga na za pampu hutaka pia umeme wa kujengea usumaku wao, na huo huidhoofisha sumaku ya jenereta. Volti hushuka. Dawa yake si maji, bali ni kuiongezea sumaku ile mkondo unaoilisha, mkondo wa njia moja kama wa betri. Maji yakiongezwa huku sumaku inalishwa kidogo, hushindwa kushika. Mtambo huteleza, huachana na wenzake, na hauna budi kutolewa kwenye gridi.

Kwa hiyo taa zikififia mtaani, tusikimbilie kulaumu bwawa. Bwawa laweza kuwa limejaa pomoni, kumbe waya ni mrefu na mwembamba, au transfoma imeelemewa na mota. Mwenye karakana aweza kufunga kapasita karibu na mota zake, zikapata umeme wa usumaku hapo hapo. Wewe wa nyumbani, volti ikiwa chini, chomoa friji. Mota yake huvuta mkondo mkubwa kuliko kawaida, hupata joto, na huungua.