Kazi ya Mchukuzi wa Magunia

Katika Tandale, mtaa wa Dar es Salaam ulio katika Wilaya ya Kinondoni, pana soko kubwa la nafaka. Magari ya mizigo hutoka bara yakileta mahindi, mchele na maharage, na wachukuzi huyashusha magunia na kuyapakia mengine. Awatazamaye huona jasho lao na kusema, "Watu hawa wafanya kazi sana." Neno lake ni kweli. Lakini wenye elimu ya fizikia wana maana yao ya neno hili kazi, nayo ni maana yenye kipimo.

Wao husema hivi: nguvu hufanya kazi inapokisukuma au kukivuta kitu, na kitu hicho kikasogea kwa kufuata upande wa nguvu ile. Mambo mawili yatakiwa, nguvu na mwendo. Likikosekana moja, hakuna kazi. Ili kujua kiasi cha kazi, huzidisha nguvu kwa umbali ambao kitu kimesogea upande ule. Nguvu hupimwa kwa nyutoni, jina litokalo kwa Isaac Newton wa Uingereza. Umbali hupimwa kwa mita. Kazi hupimwa kwa jouli, jina litokalo kwa Mwingereza mwingine, James Prescott Joule, aliyeishi tangu 1818 hata 1889.

Tazama sasa gunia la kilo 100 lililo chini. Kila kilo moja huvutwa na dunia kwa nguvu ya nyutoni 10 hivi. Basi gunia zima huvutwa kwa nyutoni 1,000. Wachukuzi wakiliinua polepole hata sakafu ya gari, iliyo juu kwa mita 1, wamefanya kazi ya jouli 1,000.

Lakini mchukuzi akisimama na gunia begani, akingoja zamu yake, gunia halipandi wala halishuki. Shingo yamwuma na jasho lamtoka, walakini nguvu yake haifanyi kazi yoyote juu ya gunia. Je, uchovu wake ni uongo? Sivyo. Misuli yake hujikaza bila kupumzika, na kwa kujikaza hutumia nishati ya chakula alichokula, nayo hugeuka kuwa joto mwilini. Hata akitembea mbele katika njia iliyo sawasawa, nguvu inayolishikilia gunia yaelekea juu, na mwendo waelekea mbele. Kwa hiyo nguvu hiyo haifanyi kazi juu ya gunia. Apandapo ngazi, hapo hufanya kazi.

Wengine huegemeza ubao garini ili wapate nafuu. Tuseme ubao una urefu wa mita 4, nao wapanda kimo cha mita 1. Kama ungekuwa laini kabisa, nguvu ya nyutoni 250 ingetosha kulisukuma gunia lile. Zidisha 250 kwa 4: ni jouli 1,000 vile vile. Basi ubao haupunguzi kazi. Hupunguza nguvu, na badala yake hudai mwendo mrefu zaidi. Tena ubao wa kweli una msuguano. Kazi huzidi, na ziada hiyo hugeuka kuwa joto. Joule mwenyewe alilionyesha jambo hili: alifanya mizigo iliyoshuka izungushe makafi ndani ya maji, na maji yakapata joto.

Elimu hii yaweza kumwonyesha mtu haki yake. Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita kiasi, na Wakala wa Vipimo wa Tanzania huikataza. Tuseme lumbesa moja ina kilo 120. Kuiinua mita 1 ni kazi ya jouli 1,200. Wachukuzi wanaolipwa kwa hesabu ya magunia wakipakia 50 ya namna hiyo, wamefanya kazi ya jouli 60,000, lakini wamelipwa kama waliofanya jouli 50,000. Ni kana kwamba wamepakia bure magunia 10 ya kilo 100. Mkulima naye, akiuza kwa gunia wala si kwa mizani, ametoa bure kilo 1,000.

Mwili nao una mpaka wake. Mwaka wa 1967 Shirika la Kazi Duniani lilishauri kwamba mzigo abebao mwanamume mzima peke yake usizidi kilo 55. Kwa hiyo ajuaye kupima na kuzidisha hawezi kupunjwa kwa urahisi, wala hataumiza mgongo wake kwa kutojua.

Maswali

1. Ndoo ya maji ya kilo 20 imeinuliwa mita 1 hata mezani. Imefanyika kazi ya jouli ngapi?
2. Watu wanne walisukuma gari lililokwama matopeni, lisisogee hata kidogo. Je, nguvu yao ilifanya kazi juu ya gari? Eleza.
3. Kwa nini ubao mrefu humfaa mchukuzi, ingawa haupunguzi kazi?