Kipandauso: Siku Zinazopotea Korbesa

Kipandauso ni ugonjwa wa ubongo unaokuja na kuondoka. Shambulio moja, likiachwa bila dawa, huchukua kati ya saa 4 na saa 72. Aghalabu maumivu hukaa upande mmoja wa kichwa, hupwita kama moyo unavyodunda, na huzidi mgonjwa akiinama, akitembea au akiinua mzigo. Hufuatana na kichefuchefu, pengine kutapika, na mwanga na kelele huwa havivumiliki. Kwa robo hivi ya wagonjwa, au zaidi kidogo, shambulio hubisha hodi kwa ishara: mistari inayometameta machoni, doa la giza mbele ya jicho, au ganzi inayopanda kutoka vidoleni hadi shavuni. Ishara hizo hudumu dakika 5 hadi 60, kisha kichwa huanza.

Chanzo chake si damu chafu, wala si jicho baya la jirani. Mtu huzaliwa na ubongo mwepesi wa kushtuka, na mara nyingi mama yake au bibi yake alikuwa nao pia. Jambo dogo likiushtua, neva kubwa ya uso iitwayo trijemina humwaga kemikali zinazotanua mishipa ya damu ya utando wa ubongo na kuamsha maumivu. Ugonjwa huanza sana wakati wa kubalehe na hushika kasi kati ya miaka 35 na 45, umri ambao nyumba nzima humtegemea mtu huyo. Wanawake huugua mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na homoni za hedhi zina sehemu kubwa katika tofauti hiyo.

Kwa kuwa kipandauso hakiui, kilichelewa kuhesabiwa. Takwimu za afya zilizoea kuhesabu makaburi. Hesabu ya magonjwa duniani ilipoanza kupima pia miaka inayoishiwa katika ulemavu, kipandauso kilipata nafasi ya kupanda hadi juu ya orodha. Katika matokeo ya mwaka 2019 kilikuwa cha 2 kati ya visababishi vyote vya ulemavu duniani, na cha 1 kwa wanawake walio chini ya miaka 50. Wagonjwa walikadiriwa kuzidi bilioni 1. Kipimo kinachotumika hutoa 0 kwa afya kamili na 1 kwa kifo, na muda wa kuwa ndani ya shambulio umepewa uzito wa 0.441. Kwa maneno mengine, siku inayotumiwa ndani ya shambulio huhesabiwa kuwa imepoteza karibu nusu ya thamani yake.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba haya ni maradhi ya mijini na ya nchi tajiri. Tafiti za nyumba kwa nyumba barani Afrika zimeonyesha vingine. Nchini Ethiopia, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kipandauso kwa asilimia 17.7 ya watu wazima katika kipindi cha mwaka mmoja. Nchini Zambia, mwaka 2015, kiwango kilikuwa asilimia 22.9. Viwango hivyo haviko chini ya vya Ulaya. Wakazi wengi wa Korbesa, kijiji cha Kaunti ya Isiolo nchini Kenya, ni Waborana, na ndugu zao wako ng'ambo ya mpaka wa Ethiopia. Ikichukuliwa hesabu ya Ethiopia, kila watu wazima 100 wana wagonjwa 17 au 18 kati yao.

Korbesa iko upande wa Merti, katika tambarare za mto Ewaso Nyiro unaoelekea kinamasi cha Lorian. Kaunti ya Isiolo ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 25,000, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu 268,002. Vijiji viko mbali mbali, na kutoka Merti hadi Isiolo mjini ni safari ndefu ya vumbi. Karibu kila kinachoamsha kipandauso kinapatikana hapa kwa wingi: jua kali linaloakisiwa na mchanga, kiu, kukosa mlo, usingizi uliokatika. Ukame uliodumu tangu mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023, mvua zikikosa misimu 5 mfululizo, uliongeza mwendo wa kutafuta maji na ukapunguza chakula, na hayo mawili ni mafuta kwenye moto wa ugonjwa huu. Miraa huwakesha wanaume. Siku za mwanzo za Ramadhani huumiza wengi, hasa waliozoea vikombe kadhaa vya chai, kwa sababu mwili hukosa maji na kafeini kwa pamoja. Kupunguza chai kidogo kidogo kabla ya mwezi kuandama na kunywa maji ya kutosha wakati wa daku husaidia. Na aliyezidiwa ana ruhusa ya mgonjwa, akafungua na kulipa baadaye.

Mjini, hasara ya kipandauso hupimwa kwa siku za kazi zilizokosekana. Kipimo hicho hakimwoni mama wa Korbesa. Hana mwajiri wa kumwandikia likizo, lakini ndiye anayekamua, anayechota maji, anayekusanya kuni, anayepika na anayelea. Akilala kwenye giza la nyumba na kitambaa kimefungwa kwa nguvu kichwani, kazi hizo hazisimami: humwangukia binti, na binti haendi shule siku hiyo. Mchungaji akishikwa malishoni, mbuzi hutawanyika, na usiku fisi hupata chake. Hakuna daftari linaloandika hasara hizi, na ndizo kubwa kuliko zote.

Sababu nyingine ya mzigo huu kufichika ni kwamba kichwa kinauma katika maradhi mengi. Mgonjwa huambiwa ana malaria, au brusela inayotokana na mifugo na maziwa mabichi, na hutibiwa hivyo mwaka baada ya mwaka. Magonjwa hayo yapo kweli Isiolo, lakini huja na homa, na kuna vipimo vyake. Maumivu yanayorudi kwa sura ile ile kwa miaka, bila homa, mtu akiwa mzima kabisa katikati, yanastahili kuulizwa maswali mengine. Si kosa la wauguzi. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2011 ulikuta kwamba mafunzo ya msingi ya udaktari duniani hutenga saa 4 tu kwa maumivu ya kichwa.

Asiyepata jina la ugonjwa wake huishia dukani. Panadol, Hedex na Mara Moja huuzwa kidonge kimoja kimoja, na kwa shambulio la mara moja moja hazina ubaya. Hatari huanza zikiwa mazoea. Dawa ya kawaida ikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, au ya mchanganyiko siku 10 au zaidi, kwa muda unaozidi miezi 3, dawa yenyewe huzaa maumivu ya kichwa ya kila siku. Tiba yake ni kuziacha, na wiki za mwanzo ni ngumu.

Tiba ya kipandauso chenyewe haihitaji hospitali kubwa. Ibuprofeni au aspirini, kwa kipimo kamili cha mtu mzima na mapema shambulio linapoanza, huwatosha wengi. Mjamzito hupewa parasetamoli, na mtoto hapewi aspirini. Anayetapika huongezewa metoklopramidi. Sumatriptani iliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini bei yake ingali juu. Anayeshikwa mara nyingi hupewa propranolo kila siku ili kuzuia, isipokuwa mwenye pumu. Ni kidonge cha bei nafuu kinachojulikana tayari kwa wagonjwa wa shinikizo la damu, na mahali pake panapofaa ni zahanati ya kijiji.

Zipo dalili ambazo si za kusubiri: maumivu makali yaliyolipuka ghafla, homa yenye shingo ngumu, mkono au mguu uliolegea, kichwa kipya baada ya miaka 50, na kichwa cha mjamzito mwenye shinikizo la juu, ambacho huweza kutangulia kifafa cha mimba. Wenye dalili hizo hupelekwa Merti au Isiolo siku hiyo hiyo. Mwanamke mwenye kipandauso cha ishara machoni hashauriwi vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni, kwa kuwa huongeza hatari ya kiharusi.

Wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, ambao serikali ya Kenya iliwazindua Septemba 2023, huingia nyumba ambazo muuguzi hazifikii, wakiwa na mashine ya kupima shinikizo. Maswali 3 yanatosha kuwatambua wengi: je, katika miezi 3 iliyopita kichwa kilikuzuia kufanya kazi, kilikuletea kichefuchefu, mwanga ulikuumiza? Majibu 2 ya ndiyo yanaelekeza kwenye kipandauso. Kinachofuata ni alama kwenye kalenda, moja kwa kila siku ya maumivu na nyingine kwa kila siku ya dawa. Siku 6 za mwezi zikishuka hadi 3 kwa propranolo, dawa inafanya kazi. Huendelezwa kwa miezi 6 hivi au zaidi, kisha hupunguzwa polepole, na kalenda huendelea kujazwa.