Mpango wa Msimbazi usiisahau bahari

Mvua ikinyesha Pugu na Kisarawe, Dar es Salaam nzima huulizia Jangwani, kwenye Bonde la Mto Msimbazi. Barabara ya Morogoro hufungwa, mabasi ya mwendokasi husimama, na familia za bondeni huanza kuokoa magodoro. Wanaolijua bonde hilo huuliza na habari za bahari. Mvua kubwa ikiangukia siku za bamvua, Mto Msimbazi unapofika baharini kwenye Daraja la Selander hukuta maji yamejaa. Mto hauna pa kumwaga, basi maji hutuama majumbani.

Bahari yenyewe inapanda. Kati ya 1901 na 2018 usawa wake duniani uliongezeka kwa wastani wa sentimita 20, na kuanzia 2006 hadi 2018 kasi ilifikia milimita 3.7 kwa mwaka. Bonde tambarare kama hili halina sentimita za kupoteza.

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa kuwaondoa watu. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, waathirika walipewa viwanja Mabwepande, mbali mno na Kariakoo walikokuwa wakichuma riziki. Wapo waliorudi bondeni. Mwishoni mwa 2015 kuta zikapigwa alama nyekundu za X, tingatinga likafuata.

Mwaka 2018 ulileta njia bora zaidi. Watu zaidi ya 200, wataalamu, maofisa wa Serikali na wawakilishi wa wananchi, walishiriki vikao vya miezi kadhaa kuchora mpango wa bonde. Vijana wa vyuo na wakazi walikwishapita mitaani kupitia mradi wa Ramani Huria, wakiandika mitaro ilipo na maji yanapofika. Hapo ndipo ulipotokea mradi ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022: kupanua mto, kuinua daraja la Jangwani, kufidia wanaohama na kugeuza sehemu ya bonde kuwa bustani.

Ninauunga mkono. Hofu yangu ni kwa mpangaji wa chumba kimoja. Mikutano ya mtaa ikiitwa asubuhi ya siku ya kazi, yeye yuko sokoni au kibaruani, ilhali ndiye anayelala karibu na maji. Na mikoko ya mdomo wa mto, inayovunja mawimbi na kushika udongo, haina wa kuisemea.

Viongozi wa mitaa, iteni mikutano Jumapili jioni. Wapangaji wawepo, na jedwali la kujaa na kupwa kwa bahari liwekwe mezani pamoja na utabiri wa mvua.