Binti Amepata Diploma ya Serikali: Sasa Asome Nini?

Matokeo ya mtihani wa Serikali yakitoka, tunajua namna mtaa unavyokuwa. Poda nyeupe kichwani, vigelegele, simu hazinyamazi. Siku tatu baadaye kelele zimeisha, na ndani ya nyumba kunabaki swali: mtoto aende kusoma nini?

Mwaka huu swali hilo limemfikia mama mmoja wa kikundi chetu, muuza sambaza kavu hapa Bukavu. Binti yake amemaliza sekondari katika pedagojia. Baba mdogo anataka asome sheria, maana kwake avoka hakosi chakula. Binti anataka sosiolojia. Mama alitujia na daftari la likelemba mkononi, akauliza: "Mwalimu, hiyo sosiolojia ni kazi gani?" Feza aliyo nayo inatosha minervali ya mwaka wa kwanza tu. Wakikosea njia, hakuna feza ya kuanza upya.

Hatukuweza kumjibu kwa neno moja. Kwa kweli sisi wenyewe, tulipofika kujiandikisha kwenye masomo ya ualimu, tulichagua idara iliyokuwa na mstari mfupi mlangoni! Leo tunapenda kazi yetu, lakini ilikuwa bahati tu.

Basi tukalifungua lile daftari lake, tukamwambia binti asogee karibu. Mtu wa uchumi akilishika, ataanza na hesabu: kila mama anatoa franka ngapi, anayepokea wa kwanza anapata faida gani kuliko wa mwisho, na bei ya bidhaa ikipanda, feza ya zamu inanunua nini tena. Wa sosiolojia atauliza nani anakubaliwa kuingia na nani anakataliwa, kwa nini mjane anapewa zamu ya mbele, na mama aliyeshindwa kulipa anatendewa nini. Wa antropolojia atakaa nasi miezi mingi, atakula nasi, atasikiliza maneno yetu mpaka aelewe sisi tukisema "deni" tunamaanisha nini. Wa saikolojia atamwangalia mtu mmoja mmoja: hofu ya yule aliyekimbia vita, haya ya yule anayedaiwa. Na wa siasa na utawala atataka kujua nani anaamua, prezidanti wa kikundi alichaguliwaje, na akigoma kuondoka itakuwaje. (Hapo mama alicheka sana. Wenye kikundi wanajua sababu.)

Daftari ni lile lile, lakini kila mmoja ana swali lake. Tulimwuliza binti ni swali gani linamsumbua zaidi. Hakuchelewa: kwa nini wengine wanakataliwa. Mama yake alinyamaza, maana miaka iliyopita yeye mwenyewe alikataliwa na kikundi kingine.

Kuna mama wanaofikiri masomo haya si ya wanawake. Mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata diploma ya chuo kikuu, Sophie Kanza, alisoma sosiolojia. Alimaliza Lovanium, kule Kinshasa, katika 1964. Katika 1966 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika nchi yetu, akapewa mambo ya jamii. Hatusemi kila binti atakuwa waziri, lakini njia hiyo mwanamke alikwisha kuipita zamani.

Sasa tuseme yale yasiyopendeza. Wanafunzi wetu wengi wanachagua masomo ya jamii ili kukimbia hesabu, na hesabu inawangoja huko huko. Katika sosiolojia na saikolojia kuna takwimu, na uchumi ndio zaidi. Binti anayelia mbele ya asilimia aanze kujizoeza sasa, kabla ya masomo kufunguliwa. Tena minervali si mwisho wa gharama. Kuna silabisi za kununua, kuna transporti ya kila siku, kuna staji, na mwishoni kuna kazi ya kuandika na kupiga chapa. Na mkisikia "lisansi", ulizeni ni ya mfumo gani. Zamani mtu alifanya gradia miaka 3, kisha lisansi 2. Katika mfumo mpya wa LMD lisansi ni miaka 3, na masta ni 2 juu yake. Baba anayekumbuka lisansi ya zamani anaweza kudhani mtoto amefupishiwa masomo.

Na kazi? Mashirika yanatafuta watu wa kufanya uchunguzi vijijini na katika kambi za waliohama, lakini mara nyingi mkataba ni wa miezi, si wa miaka. Kazi ya Leta inaweza kuchelewa kulipa. Mwalimu yeyote atawaeleza. Lakini baba mdogo naye ajue kwamba diploma ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa avoka. Bado kuna staji chini ya avoka mwingine, na nyumbani bado wanangoja feza.

Tuliwashauri wasiandikishe bado. Waende kwanza kwenye fakulte ya masomo ya jamii, kisha ISDR, ambako wanafundisha maendeleo ya vijijini, waombe orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza na kuisoma jina kwa jina. Wamtafute pia mwanafunzi wa kike wa mwaka wa pili, wamwulize alichotumia kweli, maana karatasi ya ofisini haitaji silabisi.

Walikwenda siku ya Jumanne, baba mdogo akiwa pamoja nao. Walirudi na orodha mbili, na binti alikuwa amepigia alama masomo manne asiyoyaelewa. Moja ni takwimu. Jumamosi anakuja kwetu na kalamu, na mama amesema ataleta sambaza.