Mzazi, isome ratiba ya shule kwa jicho la usalama

Wazazi wengi wa mijini hupumua wanapopata nafasi ya mtoto katika shule ya msingi ya kanisa. Jina la mtakatifu juu ya lango, sala ya asubuhi gwarideni, walimu waliovalia kwa heshima: yote hayo humfanya mzazi aamini kuwa mwanawe amefika mahali pa amani. Lakini je, msomaji, umewahi kujiuliza mtoto wako yuko na nani saa tano asubuhi siku ya Jumatano? Na kengele ya jioni inapolia, hushuka ngazi vipi?

Makala haya hayakusudii kuzitia dosari shule za makanisa. Shule nyingi kongwe nchini Kenya zilianzishwa na makanisa, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtambua mfadhili wa shule na kumpa nafasi ya kutoa ushauri kuhusu mambo ya kiroho. Ila imani haiwahesabu watoto wanapotoka darasani, wala haiupimi upana wa mlango. Kazi hiyo hufanywa na watu, tena hufanywa kila wiki, au haifanywi kabisa.

Pa kuanzia ni ratiba. Tangu mabadiliko ya mwaka 2024, mtoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3 ana vipindi 31 kwa wiki, kila kimoja dakika 30. Yule wa Gredi ya 4 hadi ya 6 ana vipindi 35 vya dakika 35. Mzazi akiitazama karatasi hiyo huona Hisabati vipindi vitano, Kiingereza vitano, akaridhika. Aghalabu haoni kwamba kila kipindi kina mtu mzima anayewajibika, kina chumba, na kina njia ya kufika huko. Mtoto huumia mara nyingi pale kipindi kimoja kinapokwisha na kingine hakijaanza, wakati ambapo kila mwalimu anadhani mwenzake ndiye anayetazama.

Dakika za kutoka darasani

Jumatatu, Februari 3, 2020, mwendo wa saa kumi na moja jioni, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikuwa wakitoka madarasani kurudi nyumbani. Walikanyagana kwenye ngazi za jengo lao la ghorofa, na watoto 14 wakafa. Hapakuwa na moto wala mtetemeko wa ardhi. Ilikuwa ni jioni kama jioni nyingine yoyote ya shule.

Jambo hilo lapaswa kumkosesha usingizi kila mzazi ambaye mtoto wake husomea ghorofani, na katika miji yetu ambako ardhi ni ghali, hao ni wengi. Mwongozo wa viwango vya usalama uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka jengo la ghorofa liwe na ngazi pana katika pande zake zote mbili, zenye vyuma imara vya kushikilia. Unataka milango ya madarasa ifunguke kwa nje, isifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na vyuma. Zaidi ya hayo, darasa la mita 7.5 kwa mita 6 halipaswi kuzidi watoto 40 wanaokaa wawili wawili kwenye dawati. Tangu elimu ya msingi iwe ya bure mwaka 2003, kuna madarasa mengi ya mjini yaliyoipita idadi hiyo.

Ukiuliza kuhusu vyuma vya madirisha utajibiwa kwamba ni kwa ajili ya wezi. Jibu hilo lina ukweli, kwani vitabu na kompyuta huibwa. Lakini chumba cha vitabu kinaweza kuwekewa vyuma bila kukifanya chumba cha watoto kuwa kizimba.

Jengo likiwa limekwisha kujengwa vibaya, bado kuna jambo lisilogharimu hata shilingi moja. Madarasa yasiachiliwe yote kwa kengele moja. Wadogo watangulie, darasa moja baada ya jingine, mwalimu mmoja akisimama juu ya ngazi na mwingine chini, na watoto wafundishwe kushuka upande mmoja bila kukimbia. Mafunzo haya ni somo kama masomo mengine, nayo hushika tu yakirudiwa. Mtoto aliyeshuka kwa utaratibu kila jioni kwa muhula mzima hatahitaji kufikiri siku moshi utakapotanda. Zoezi la kuhama jengo lote nalo lifanywe kila muhula, na baada yake rejista isomwe uwanjani jina kwa jina. Waalike walimu wakuonyeshe lilivyofanywa mara ya mwisho. Wakianza kutazamana, umepata jibu.

Mzazi wa bweni ana sababu zaidi ya kuuliza. Usiku wa Septemba 5, 2024 moto uliwaua wavulana 21 katika bweni la Hillside Endarasha Academy, Kaunti ya Nyeri, ambamo walilala watoto zaidi ya 150. Mwongozo ule ule wa 2008 ulikuwa umetaka nafasi ya mita 1.2 baina ya vitanda.

Mtoto mgonjwa darasani

Pumu na kifafa ni maradhi mawili ambayo mwalimu wa mjini atakutana nayo hakika, na yote mawili huchelewa kupata msaada kwa sababu zinazoweza kuzuilika.

Mtoto mwenye pumu hupewa na daktari inhela, ile pampu ndogo ya kuvutia dawa. Shule nyingine huichukua na kuifungia ofisini pamoja na dawa nyinginezo, kwa kuhofia kwamba watoto wataichezea. Basi mtoto anabanwa na kifua wakati wa michezo, ofisi imefungwa, na mwenye ufunguo amekwenda benki. Inhela ikae na mtoto mwenyewe ikiwa amekua, la sivyo ikae na mwalimu wa darasa, iende popote darasa linapokwenda. Andika barua, ambatisha maelezo ya daktari, ubaki na nakala.

Kuhusu kifafa yafaa tuseme wazi, hasa kwa kuwa tunazungumzia shule za kanisa. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hakiambukizwi kwa mate, wala si pepo. Mtoto akianguka na kutikisika, mwalimu aondoe madawati na vitu vigumu vilivyo karibu, amlegeze tai, aweke kitu laini chini ya kichwa, na mtikisiko ukitulia amlaze kwa ubavu. Asimtie kijiko wala kidole mdomoni, asimshike kwa nguvu kumzuia, na atazame saa. Kifafa kikizidi dakika 5, au kikimrudia kabla hajazinduka, apelekwe hospitali mara moja. Anayetaka kumwombea na amwombee, bora maombi yasichukue nafasi ya gari. Baadaye wenzake waelezwe kwa maneno mepesi kilichotokea, maana dhihaka za uwanjani humuumiza mtoto huyo kuliko kuanguka kwenyewe.

Kipindi kimoja kwa wiki

Katika vile vipindi 31 au 35 kuna kimoja ambacho wazazi wengi hawakijui: kipindi cha malezi ya kidini, kinachojulikana shuleni kwa herufi PPI. Huwa kimoja kwa wiki. Wanafunzi hugawanywa kwa dini au madhehebu, na mara nyingi watu wa nje huja kuwafundisha: mchungaji, katekista, mlezi wa vijana, pengine mwanafunzi wa chuo anayejitolea.

Wengi wao ni watu wema na kazi yao ina faida. Hata hivyo, hiki ndicho kipindi ambacho watu wasioajiriwa na shule huachiwa watoto, na mwalimu wa darasa, aliyechoka, huona amepata nafasi ya kusahihisha madaftari. Hivyo basi mwulize mwalimu mkuu mambo machache. Je, wageni hawa huandikwa kitabuni wanapoingia na kutoka? Je, kanisa limewatambulisha kwa barua, au walifika tu wakakaribishwa kwa sababu wana Biblia mkononi? Je, mwalimu wa shule hubaki darasani? Kanuni bora ni watu wazima wawili na mlango wazi, na mtoto asiitwe peke yake kwa ushauri au maombi mahali pasipoonekana. Mchungaji mwenye busara hatakasirishwa na kanuni hiyo, kwani inamlinda yeye pia.

Pia utazame uwanja. Kanisa na shule vikiwa ndani ya ua mmoja, lango huwa moja. Siku za wiki hupita wanakwaya, kamati ya harusi, mafundi wa mahema, waombolezaji. Bawabu hawezi kumzuia muumini kuingia kanisani kwake, lakini vyoo vya wanafunzi vinaweza kutengwa, na njia ya kwenda kanisani isipite madarasani.

Kuna somo jingine ambalo kipindi hicho hicho kingelibeba vizuri. Mtoto wa shule ya kanisa hufunzwa kuwatii wakubwa. Asipofunzwa pia kwamba utii una mpaka, tumemwacha bila kinga. Aelezwe kwamba mwili wake ni wake, kwamba mtu mzima akimwambia asimweleze mama, hiyo ndiyo siri ya kumweleza mama kwanza. Afundishwe majina halisi ya sehemu za mwili. Sisi Waswahili ni mabingwa wa kuzunguka hapa: "huko chini", "mdudu", "kitu". Mtoto akimwambia mwalimu kwamba fulani amemgusa "kitu", darasa litacheka na mwalimu ataendelea na somo. Somo la Usafi na Lishe, ambalo lilikuwa peke yake katika gredi za chini, liliunganishwa na Shughuli za Mazingira katika mabadiliko ya 2024, na lisipoangaliwa mambo haya yatapotea kati ya takataka na udongo.

Nyumbani, swali la "shule ilikuwaje?" huzaa jibu moja tu: "poa". Mwulize mtoto mambo madogo yenye jibu. Leo nani aliwafundisha PPI? Mwalimu alikuwa wapi? Ulienda chooni na nani? Mnapokosea mnafanywa nini? Swali hili la mwisho ni muhimu, kwa kuwa kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001 na Sheria ya Elimu ya Msingi ikakataza tena adhabu ya viboko na mateso ya akili mwaka 2013, lakini mijeledi bado haijaisha. Sikiliza bila kukemea. Mtoto akiona uso wako umebadilika, ataacha kusema.

Na ikiwa atakueleza kwamba amenajisiwa, saa zina thamani kuliko maneno. Usimwogeshe, usimbadilishe nguo. Ikibidi kuzivua, zitie katika mfuko wa karatasi na si wa plastiki, maana nguo zikivunda ushahidi huharibika. Nenda hospitali kwanza. Dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyosaidia zaidi. Hunywewa kwa siku 28. Msichana aliyevunja ungo anaweza kukingwa na mimba ndani ya saa 120. Sheria inataka matibabu haya yatolewe bila malipo katika hospitali za umma. Daktari ajaze fomu ya PRC, kisha mwende polisi, ambako mtapewa fomu ya P3. Simu ya bure ya kuwasaidia watoto ni 116, nayo hupokewa usiku na mchana.

Hapo ndipo wazazi wengi wa shule za kanisa hukwama. Mzazi huitwa katika ofisi ya parokia au kwa mwenyekiti wa bodi, akaombwa asamehe, asiliaibishe kanisa, mambo yamalizwe kindugu. Msamaha ni haki yako kuutoa au kuunyima, lakini kosa hili si deni baina ya familia mbili. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 inamtaja waziwazi mwalimu mkuu, mwalimu au mfanyakazi wa shule anayetumia cheo chake kumwingilia mwanafunzi, na kifungo chake hakipungui miaka 10. Waraka nambari 3 wa mwaka 2010 wa Tume ya Kuwaajiri Walimu unamtaka mwalimu yeyote anayejua au kushuku jambo hilo kulitoa taarifa ndani ya saa 24. Kwa hiyo ukialikwa kwenye kikao cha suluhu, mwulize mwalimu mkuu, mbele ya wote waliopo, taarifa yake aliipeleka lini na saa ngapi.