Mishipa imekakamaa? Angalia unalipia nini

Kabla hujauza kahawa kwa butura, yaani ikiwa bado shambani, ili upate nauli ya kwenda Mwanza kupimwa ukakamavu wa mishipa ya damu, jua unachokwenda kununua.

Mtaalamu huweka altrasaundi ya dopla shingoni, kisha kwenye kinena, huku nyaya za ECG kifuani zikimpa saa ya mapigo ya moyo. Anagawa umbali wa shingo hadi kinena kwa muda ambao wimbi la mapigo linatumia. Mshipa laini huchelewesha wimbi la mapigo, mgumu hulipitisha mbio. Kwa mtu mzima, kasi ikizidi mita 10 kwa sekunde, mishipa inahesabiwa kuwa imekakamaa. Mkono wa mpimaji ni muhimu kuliko mashine: futi ikipita juu ya kitambi, umbali unaongezeka na jibu linapotoka.

Sasa tuje kwenye pesa. Jibu hilo mara nyingi halibadilishi dawa. Mwenye presha ya 160/90 inayojirudia ataanzishiwa matibabu na kuambiwa apunguze chumvi, kipimo kiwepo kisiwepo. Ndiyo maana hakifanyiki kila siku hata hospitali kubwa. Altrasaundi za Bukoba mjini, au za hospitali za Rubya na Ndolage upande wa Muleba, hutumika zaidi kwa mimba, figo na tumbo. Usipande basi kabla ya kupiga simu kuuliza kama wanakifanya.

Ukienda hospitali ya Bugando, Mwanza, bei ya kipimo ndiyo sehemu ndogo. Weka nauli ya watu wawili, maana mgonjwa mzee haendi peke yake. Weka gesti, chakula, kufungua faili, kumwona daktari, na pengine safari ya pili ya majibu. Meli ya Bukoba hadi Mwanza husafiri usiku, kwa hiyo unaokoa gesti ya usiku mmoja, ila ina siku zake. Mwenye bima asiondoke bila barua ya rufaa, na aulize kama kipimo hicho kimo.

Mbadala wa bei nafuu ni kipimo cha presha na hesabu ya darasa la tatu. Toa presha ya chini kwenye ya juu: 150 kutoa 80 ni 70. Kwa mzee, pengo la 60 na zaidi linalojirudia huashiria mishipa migumu. Upungufu wa damu nao hupanua pengo, kwa hiyo mpelekee daktari namba zako, usijihukumu.

Kupimwa duka la dawa ni rahisi, ila bodaboda kutoka kijijini kila wiki itaipita bei ya kipimo. Mwenye presha anunue mashine yake, au ndugu wachange. Chukua ya mkononi juu ya kiwiko, si ya kifundo cha mkono. Pima mkono kwa futi kwanza: mkanda wa kawaida huishia sentimita 32 hivi, na mkono mnene ukiulazimisha, presha itasoma juu kuliko ilivyo. Mkanda mkubwa huuzwa kando, adapta pia, na betri nne zina gharama yake. Jaribu hapo hapo dukani, udai risiti. Nyumbani kaa dakika tano kabla ya kupima, na kahawa ya kutafuna isubiri nusu saa.

Yale mahema ya "kipimo cha mwili mzima", unashikishwa kijiti na kompyuta inakusomea mishipa yote, yapite. Kipimo ni bure, virutubisho ndivyo vinakufilisi.

Altrasaundi nyingine zina thamani yake. Miguu ikivimba na pumzi kukatika, ya moyo ni pesa halali. Presha ikimshika kijana, ya figo inaweza kuonyesha chanzo. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea ghafla, usilinganishe bei, kimbilia hospitali iliyo karibu.

Kwa mengine, muulize daktari kabla ya kulipa: jibu likitoka baya, utaniandikia dawa gani ambayo huniandikii leo? Akikosa la kusema, hiyo pesa inunue dawa za miezi ijayo.